Maswali ya Kumuuliza Adam Shafi: Vuta N'kuvute Kutoka Riwaya hadi Filamu

Hebu tuchukulie kwamba umepewa saa moja ya kumhoji Adam Shafi kuhusu filamu iliyotokana na riwaya yake ya Vuta N'kuvute. Ungeanza na swali lipi? Zoezi hili huwapa watahiniwa wa kidato cha nne hapa Rangwe, na daftari nyingi hurudi na swali lile lile: je, filamu imefuata kitabu?

Swali hilo ni dhaifu. Jibu lake ni "ndiyo" au "la", na mahojiano yanakufa hapo. Isitoshe, linamfanya mwandishi hakimu wa kazi ya msanii mwingine. Riwaya ilichapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 1999. Filamu iliongozwa na Amil Shivji, ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Toronto, Kanada, mwaka 2021, na mwaka uliofuata Tanzania ikaipeleka kushindania tuzo ya Oscar. Hizi ni kazi mbili.

Kuna mtego mwingine unaomngoja mhoji. Shafi ni mwandishi anayezua mjadala. Kasri ya Mwinyi Fuad (1978) inashambulia umwinyi. Kuli (1979) inasimama na wachukuzi wa bandarini. Haini (2003) inaingia kizuizini, mahali alipopajua mwenyewe, maana alifungwa baada ya kuuawa kwa Rais Karume tarehe 7 Aprili 1972. Mhoji akikutana na mtu wa namna hii hutamani kumuuliza siasa tu. Saa inakwisha, sanaa haijaguswa. Lakini siasa ya Shafi haielei hewani. Imo katika namna anavyosimulia, na ni usimulizi huo ambao filamu hulazimika kuuacha.

Fungua ukurasa wa kwanza. Kabla Yasmin hajatamka neno, msimulizi anatuchorea uso wake kwa tashbihi, akiulinganisha na tungule. (Mwanafunzi wa bara huenda asilijue neno hili: ni nyanya kwa Kiswahili cha Unguja.) Tungule ni kitu cha sokoni na jikoni, kinachojulikana na kila mwanamke wa Ng'ambo. Kwa neno hilo moja msimulizi amemchukua binti wa Kihindi, aliyelelewa katika jamii iliyojitenga na Waswahili, akamweka katika lugha ya watu ambao baadaye watampokea. Hadithi nzima ya msichana wa miaka 15 aliyeozwa kwa Bwana Raza, mtu wa rika la baba yake, akatoroka na kupata hifadhi kwa Mwajuma, imedokezwa humo.

Sasa, kamera itafanya nini na tungule? Inaweza kutuonyesha sura nzuri ya mwigizaji Ikhlas Gafur Vora, lakini sura haisemi imefananishwa na nini. Kwa hiyo swali la kwanza ningelimwuliza Shafi hivi: "Msimulizi wako anapoondolewa, ni nani anayebaki kumpenda Yasmin kwa niaba ya msomaji?"

Swali la pili lingemhusu Denge, mwanamapinduzi anayesakwa na serikali ya kikoloni. Riwaya ina nafasi ya kutosha kueleza anachokiamini na kwa nini. Filamu ya takriban dakika 90 haiwezi kubeba kila safari na kila mjadala, ikabidi mapenzi yachukue nafasi kubwa. Je, mapenzi hayo yanaifikisha siasa kwa mtazamaji, au yanaifunika? Mimi naona hatari ya kufunika ipo, ingawa wenzangu wengine watanikatalia.

Tusiseme hasara tu. Taarabu ya Mwajuma katika kitabu tunaisoma, hatuisikii. Katika filamu Mwajuma ni Siti Amina, ambaye ni mwimbaji wa taarabu kwelikweli, na hapo filamu inakipita kitabu bila ubishi.

Jambo moja la kuzingatia: jibu la mwandishi si mwongozo wa kusahihishia. Shafi akisema Denge hahusiani naye hata kidogo, au akisema ni yeye mtupu, mhakiki bado atarudi kwenye matini kutafuta ushahidi. Mtahiniwa pia ajihadhari. Maigizo ya vitabu teule yanayozungushwa shuleni yana faida yake, lakini ukinukuu katika Karatasi ya Tatu kitu alichokifanya mwigizaji, na hakimo kitabuni, huna alama. Iwe Chozi la Heri au Nguu za Jadi, sheria ni hiyo hiyo.

Mwalimu, ukitaka kulijaribu jambo hili darasani, huhitaji projekta. Andika ubaoni aya ya kwanza ya Vuta N'kuvute. Waambie wanafunzi waorodheshe kila kitu ambacho kamera inaweza kukiona, kisha wapige mstari chini ya maneno yaliyobaki. Maswali ya mahojiano yatoke kwenye maneno hayo yaliyopigiwa mstari, na tungule litakuwa miongoni mwayo.