Kinachotua Hakisafiri Mbali: Kupanga Vyombo Katika Kerbal Space Program

Kerbal Space Program ni mchezo wa kompyuta uliotengenezwa na kampuni ya Squad ya Mexico, na umma uliupata kwa mara ya kwanza mwaka 2011. Wachezaji wake wengi hukwama mahali pamoja. Roketi ya kwanza imeshafika Mun, mwezi ulio karibu na sayari ya Kerbin, na sasa wanataka kituo cha kudumu huko angani. Wanaichukua roketi ileile na kuikuza. Wanaongeza tangi, wanaongeza injini ya kulibeba hilo tangi, kisha tangi jingine la kuilisha hiyo injini. Chombo kinakuwa mnara, na bado kinaishiwa mafuta njiani.

Tatizo hapo ni kutaka chombo kimoja kifanye safari nzima. Anayetaka makazi yanayodumu agawe kazi: chombo cha masafa marefu kisitue kamwe, na kinachotua kisisafiri mbali. Bandari zetu zilifanya kazi hivyo zamani, meli kubwa ikitia nanga nje na matishari yakishusha shehena. NASA iliamua vivyo hivyo mwaka 1962, baada ya mhandisi John Houbolt kuipigania hoja hiyo mbele ya wakubwa waliomwona msumbufu. Ndiyo maana Apollo ilishusha Mwezini chombo kidogo chepesi, huku kile cha kurudi nyumbani kikisubiri kwenye mzingo.

Mara kazi zinapogawanywa, uchaguzi wa injini unakuwa hesabu. Chukua injini mbili zinazopendwa, Terrier na Nerv. Katika ombwe la anga zote mbili zina msukumo wa kilonewtoni 60. Terrier ina uzito wa nusu tani na ufanisi wa mafuta, unaopimwa kwa sekunde, wa 345. Nerv, inayotumia nyuklia, ina ufanisi wa sekunde 800 lakini uzito wake ni tani 3. Wengi wakiona hiyo 800 huacha kusoma na kuibandika Nerv kila mahali.

Sasa tufanye safari inayohitaji badiliko la mwendo la mita 2,000 kwa sekunde, yaani kile wachezaji wanachokiita delta-v. Shehena ikiwa tani 1, chombo cha Terrier pamoja na mafuta na matangi kinafika takriban tani 3, na cha Nerv tani 5.4. Nerv imeshindwa vibaya. Shehena ikiwa tani 5 zinakaribiana: tani 11 kwa 10.7. Ikiwa tani 30, Terrier inadai chombo cha tani 61 na Nerv tani 44. Zile tani mbili na nusu za ziada za injini ni mzigo mzito kwa chombo kidogo. Kwenye kikubwa hazionekani kabisa. Kwa hiyo Nerv ni injini ya meli kubwa ya kwenda sayari nyingine, na Terrier, ambayo pia ni fupi na haikilazimishi chombo kuwa na miguu mirefu ya kupinduka nayo, ni ya tishari, yaani chombo cha kutua.

Nerv ina gharama nyingine ambayo jedwali la vipuri halikuonyeshi. Kwa ile shehena ya tani 30, injini moja itawaka zaidi ya dakika 20 kutoa hizo mita 2,000. Mzunguko mmoja wa karibu na Kerbin huchukua takriban nusu saa. Ukiwasha mfululizo, sehemu kubwa ya mafuta inachomeka wakati chombo kimeshageuka upande usiofaa. Dawa yake ni kuwasha kwa vipande: dakika chache kila unapopita karibu na sayari, mzingo unarefuka, unarudi tena. Inachosha, lakini kuongeza injini mbili za tani tatu ili kuokoa subira ni hasara.

Mahali pa kujazia mafuta pana uzito kuliko yote. Minmus, mwezi wa pili wa Kerbin, uko mbali karibu mara nne kuliko Mun. Kwa makadirio yanayotumiwa na wachezaji, kutoka mzingo wa chini wa Kerbin hadi kukanyaga Mun kunahitaji takriban mita 1,750 kwa sekunde. Hadi Minmus ni takriban 1,270. Siri iko katika mvutano. Minmus ni dhaifu mno, na kutua kutoka mzingo wake kunadai takriban 180 tu, wakati Mun inadai 580. Tishari linalopanda na kushuka mara nyingi hulipa tofauti hiyo kila safari, kwenda na kurudi. Ningeweka bohari ya mafuta Minmus bila kusita, kwenye zile tambarare zake ambazo ni sawa kama sakafu.

Toleo la 1.0 la mwaka 2015 lilileta uchimbaji wa madini na mitambo ya kuyageuza mafuta. Hapa uzito mdogo unadanganya. Mtambo mdogo wa tani 1.25 unavutia kuliko mkubwa wa tani 4.25, ila mdogo unapoteza karibu sehemu tisa katika kumi za madini unayoulisha. Mkubwa haupotezi. Unabebwa mara moja tu, kisha unafanya kazi miaka, kwa hiyo peleka mkubwa, pamoja na mhandisi mwenye nyota nyingi, maana ujuzi wake unaongeza kasi ya keekee na ya mtambo. Na kwa kuwa Nerv haitumii kioksidishaji, panga mtambo utoe mafuta matupu kwa ajili ya meli kubwa, na mchanganyiko wa mafuta na kioksidishaji kwa ajili ya tishari lenye Terrier. Kioksidishaji kilichopakiwa kwenye meli ya Nerv ni shehena isiyo na mnunuzi.

Kabla ya kuhamisha mafuta kwenda meli kubwa, kokotoa kwanza yale ambayo tishari litahitaji kushukia. Ongeza kidogo juu yake, kwa sababu kutua hakuendi kamwe kama kwenye karatasi, ndipo ufungue bomba.