Fimbo Katika Hadithi Zetu

Katika hadithi nyingi za shule tunazoandika sisi vijana, fimbo ni kichekesho tu. Mwalimu wa zamu anaingia bwenini, njuka wanatandikwa, wakubwa wanacheka, kisha mwandishi huyoo, anarudi kwenye mapenzi. Aliyetandikwa amekwenda wapi? Usiku ule alilala akiwaza nini? Hatuambiwi.

Turudi kwa mkubwa wetu, Euphrase Kezilahabi. Rosa Mistika ilitoka mwaka 1971, ikapigwa marufuku shuleni, baadaye ikaruhusiwa. Watu huizungumza kama riwaya ya msichana aliyeharibika. Mimi naisoma kama riwaya ya mwanafunzi aliyeonewa. Kipigo kinaanzia nyumbani kule Ukerewe: Zakaria anampiga binti yake vibaya kwa sababu ya barua ya mvulana. Baadaye Rosa anakuja kusomea ualimu hapa kwetu Morogoro, na mkuu wa chuo, aliyepaswa kuwa mlezi wake, anakuwa naye kimapenzi. Chuoni hapo fimbo haionekani, lakini ukubwa unatumika vibaya vilevile. Kezilahabi ametuonyesha kwamba mtoto aliyelelewa kwa woga anatoka nyumbani bila kujua kujilinda.

Ila nina ugomvi naye. Rosa anajiua. Sisi nasi tumeukopa mwisho huo hadi umechakaa: lazima msichana afe, apate mimba au atubu, ndipo hadithi ionekane ina funzo. Jamani, wengi wetu tuliochapwa tupo hai! Wengine tunauza mboga za Mgeta sokoni, wengine wamekuwa walimu na fimbo wameshika wao. Maisha hayo nani atayaandika?

Halafu kuna mchapaji mwenyewe. Agosti 2018, mwanafunzi wa darasa la tano wa Shule ya Msingi Kibeta, Bukoba, alifariki baada ya kipigo cha mwalimu, akidhaniwa ameiba pochi. Machi 2019 Mahakama Kuu ilimhukumu mwalimu huyo kunyongwa. Kanuni zilikuwepo: viboko visizidi vinne, atoe mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na viandikwe kitabuni. Sasa mwandishi akituletea mwalimu mwenye macho mekundu kama jini, ametudanganya. Nataka kumwona mwalimu wa kawaida, mwenye darasa lililofurika, ambaye naye alikuzwa kwa viboko, na wenzake ofisini wanaosikia mtoto akilia wakaendelea kusahihisha madaftari.

Kule Marekani, Stephen King aliiondoa sokoni riwaya yake Rage, ya mwanafunzi anayeingia darasani na bunduki, kwa hofu ya kuwachochea vijana wengine. Simlaumu. Lakini kwetu mwenye silaha mara nyingi ni mkubwa, tena anayo ruhusa. Kunyamaza kwetu kunamlinda yeye.

Sisi wa Uluguru tuna kitu ambacho Rosa hakuwa nacho. Kwa Waluguru ukoo unahesabiwa kwa mama, na mjomba ana sauti juu ya mtoto. Hebu fikiri: mwanafunzi aliyepigwa mjini anapanda mlima hadi kwa mjomba wake Matombo, anafunua mgongo. Mjomba atafanya nini? Atashuka naye hadi ofisi ya mkuu wa shule, au atamwambia avumilie, maana elimu ina gharama? Hapo pana riwaya nzima, wala hapahitaji maiti.

Mimi naijaribu, niko sura ya tatu. Mjomba bado amekaa barazani, hajasema neno, na sitamsemesha methali ili nimalize haraka. Nawe mwenzangu mwenye hadithi ya shule kwenye daftari, kabla hujaileta hapa, mtafute yule njuka uliyemwacha analia ukurasa wa pili. Muulize jina lake.