Ofisa Mpya na Amri Isiyosikika katika Tamthilia ya Journey's End ya R. C. Sherriff

Tamthilia ya Journey's End, iliyooneshwa kwa mara ya kwanza London mwaka 1928, inahusu maofisa wa kombania moja ya Waingereza karibu na St. Quentin, Ufaransa, kuanzia tarehe 18 hadi 21 Machi 1918. Sherriff mwenyewe alikuwa ofisa wa jeshi la miguu katika vita hivyo. Mhusika Raleigh, luteni usu aliyetoka shule majuzi, anafika mahandakini akiwa na hamu ya kutumika chini ya Kapteni Stanhope, ambaye alimhusudu tangu shuleni.

Ni rahisi kumsoma Raleigh kama kijana asiyejua vita, aliyewekwa na mwandishi ili Stanhope apimwe kwake. Usomaji huo una ushahidi, lakini unaacha jambo moja bila maelezo: Raleigh amepewa platuni, na hadhira haimwoni akiiongoza. Matendo yote hufanyika katika chumba cha maofisa chini ya ardhi. Askari wako juu ya ngazi; anayesikika zaidi miongoni mwao ni Mason, mpishi. Kwa hiyo uongozi wa Raleigh unapimwa kwa jambo dogo sana: mahali anapochagua kula.

Baada ya shambulio la kushtukiza ambamo Osborne anauawa, maofisa wanakula kuku na kunywa shampeni. Raleigh anabaki juu, akala na askari wake. Stanhope anamkaripia kwamba ofisa afanyaye hivyo huwatia askari haya na kujipunguzia heshima. Hoja hiyo ina mantiki ya kijeshi, kwani kesho yake ofisa huyohuyo atawaamuru waingie motoni. Hata hivyo, Sherriff ameiweka kinywani mwa mlevi. Raleigh, kwa upande wake, habishani na kanuni. Anachoshindwa kuelewa ni jinsi mtu anavyoweza kula ilhali maiti ya Osborne iko nje. Stanhope anapokiri kwamba hunywa ili asahau, kanuni ya kujitenga na askari inaonekana kuwa pia pazia la msiba.

Hapa ndipo udhaifu wa tamthilia unapojitokeza. Je, askari walifarijika au waliona haya? Hakuna hata mmoja wao anayepewa nafasi ya kusema. Msomaji ana neno la Stanhope tu. Matabaka ya jeshi la Uingereza yanabaki bila kuhojiwa na wale waliokuwa chini yake.

Alfajiri ya tarehe 21 Raleigh anapanda kwenda kwa platuni yake, na baada ya muda mfupi anarudishwa akiwa amevunjika mgongo. Stanhope anamwita Jimmy, naye anamwita Dennis. Vyeo havitajwi tena. Raleigh anafariki, kisha askari anakuja kumwita kapteni juu.