Taya Linalouma Baada ya Kung'oa Jino: Anza kwa Kuhesabu Siku

Mtu aliyeng'olewa gego Jumatatu, akapata nafuu Jumanne, kisha Alhamisi usiku akaamshwa na maumivu yanayopanda hadi sikioni, haumwi ugonjwa mmoja na yule ambaye maumivu hayakumwacha tangu ganzi ilipoisha. Wala hao wawili hawafanani na mtu wa tatu, ambaye kidonda chake kilishafunga na ufizi wake ni mzima, lakini miezi minne baadaye taya bado linawaka moto. Wote watatu wakifika duka la dawa watasema neno lilelile, kwamba taya linauma tangu jino ling'oke, na ni rahisi wote watatu watoke na amoksilini na vidonge vya maumivu. Naamini kosa linaanzia kwenye swali. Kabla ya kuuliza dawa gani, tuulize maumivu yalianza lini, yalipungua lini na yalirudi lini, kwa sababu kidonda cha jino hupona kwa ratiba inayojulikana, na karibu kila tatizo huivuruga ratiba hiyo kwa namna yake.

Jino likitoka, tundu lake hujaa damu, na damu hiyo huganda. Bonge hilo ndilo kifuniko cha mfupa, na juu yake ndipo nyama mpya huota. Ufizi hufunga kwa wiki kadhaa. Mfupa wenyewe hujijenga kwa miezi. Uvimbe na maumivu ya kawaida hufika kileleni ndani ya siku 2 au 3 za kwanza, kisha hushuka. Kwa hiyo maumivu yaliyoshuka yakapanda tena yana maana kubwa kuliko maumivu makali ya siku ya kwanza. Yakipanda kati ya siku ya 2 na ya 4, pamoja na harufu mbaya mdomoni, mshukiwa wa kwanza ni tundu kavu, yaani bonge la damu limetoka au limeyeyuka mapema na mfupa umebaki uchi. Hali hii ilielezwa na daktari wa meno aitwaye Crawford mwaka 1896, na bado inasumbua: kwa meno kwa jumla huwapata wagonjwa kama asilimia 2 hadi 5, lakini kwa magego ya mwisho ya taya la chini baadhi ya tafiti zimefikisha asilimia 30. Uvutaji sigara huongeza hatari. Tiba yake ni ya mikono zaidi kuliko ya vidonge. Daktari husafisha tundu taratibu, kisha huweka dawa ambayo mara nyingi ina eugenoli, kiini kilekile cha mafuta ya karafuu, zao la Pemba na Unguja. (Hiyo si ruhusa ya kumimina mafuta ya karafuu kidondani nyumbani, yakiwa makali huunguza nyama.) Mfupa ulio uchi unahitaji kufunikwa, na antibiotiki haifuniki mfupa.

Yule ambaye maumivu hayajashuka kabisa anahitaji uchunguzi wa namna nyingine. Usaha, homa na uvimbe unaokua ni dalili za maambukizi, na hapo antibiotiki ina kazi yake, ingawa usaha nao lazima utolewe. Lakini mdomo kushindwa kufunguka, bila homa wala usaha, mara nyingi hutokana na sindano ya ganzi ya magego ya chini, ambayo hupita karibu na msuli wa kutafuna. Msuli ukichomwa hukaza. Kwa kawaida mtu mzima huweza kupitisha vidole vyake vitatu vilivyopangana kati ya meno ya mbele. Akishindwa, joto na mazoezi ya taratibu kwa wiki kadhaa ndiyo humfaa. Maumivu yaliyo mbele ya sikio, yanayozidi wakati wa kutafuna, huelekeza kwenye kiungo cha taya kilichochoshwa na kupanuliwa kwa muda mrefu. Kipande cha mzizi kilichobaki au jino la jirani lililopata ufa hutafutwa kwa kugongagonga meno na kwa eksirei.

Mtu wa tatu ndiye anayeonewa zaidi. Mzizi wa gego la chini hukaribiana na mshipa wa fahamu unaohudumia mdomo wa chini na kidevu, na ukijeruhiwa huacha ganzi, kutekenya au kuungua. Kuna pia maumivu yanayobaki pale jino lilipokuwa bila kasoro yoyote kuonekana. Daktari wa meno Joseph Marbach aliandika kuyahusu mwaka 1978, akiyalinganisha na maumivu ya mguu uliokwisha kukatwa. Uainishaji wa kimataifa wa maumivu ya uso na kinywa wa mwaka 2020 unataka yawe yamedumu zaidi ya miezi 3 kabla ya kutambuliwa kuwa maumivu ya aina hiyo. Ugonjwa mwingine wa mshipa wa uso hupiga kama shoti ya umeme kwa sekunde chache mtu anaponawa au kupiga mswaki, na hutulizwa kwa kabamazepini, dawa ya kifafa. Hatari ni ileile kwa wote hawa: jino la jirani hung'olewa, maumivu hayaondoki, linafuata lingine. Kila jino zima linalong'olewa hivyo ni jeraha jipya kwa mshipa uleule.

Wapo watakaosema dozi ya antibiotiki haimdhuru mtu, na kwamba wengi hupona nayo. Lakini tundu kavu hutulia lenyewe ndani ya siku 7 hadi 10, muda unaokaribia kabisa ule wa kumaliza dozi. Mgonjwa huisifu dawa kwa kazi iliyofanywa na mwili, huku bakteria wakizidi kuizoea. Pingamizi zito zaidi ni kwamba kuhesabu siku kunaweza kuchelewesha kugunduliwa kwa ugonjwa mkubwa. Mwaka 1957 katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliona mtoto mwenye uvimbe pande zote nne za mataya, na mwaka uliofuata akachapisha maelezo ya saratani ambayo leo ina jina lake. Kwa watoto wenye saratani hiyo, meno kulegea ilikuwa dalili tu. Nalikubali pingamizi hilo, lakini kalenda ndiyo inayomfichua mgonjwa wa namna hii: uvimbe wa mtoto unaokua siku baada ya siku, au mfupa ulio wazi kwa zaidi ya wiki 8 kwa mtu anayetumia dawa za kuimarisha mifupa. Daktari wa upasuaji wa kinywa Robert Marx ndiye aliyetoa tahadhari juu ya dawa hizo mwaka 2003.

Wengine watasema eksirei na bingwa viko mbali. Hapo ndipo karatasi yenye tarehe huwa na thamani kubwa zaidi, kwa kuwa inamwezesha mhudumu wa zahanati kujua nani asubiri na nani asafirishwe. Uvimbe chini ya ulimi au shingoni, ukiambatana na shida ya kumeza au kupumua, hauhesabiwi siku. Mgonjwa aende hospitali saa hiyohiyo. Na taya linalouma mtu anapopanda ngazi, likatulia ndani ya dakika chache akikaa, mwenye nalo apimwe moyo kwanza, hata kama jino lilitoka wiki iliyopita.