Lamadi na Kalamu za Watalii

Ukitoka Bariadi kwa barabara ya lami kuelekea Ziwa Viktoria, utafika Lamadi, wilaya ya Busega. Huko ndiko mkoa wa Simiyu unakogusa maji. Waandishi wa habari za utalii huutaja mji huu kwa sentensi moja tu, kuwa ni pa kupitia ukienda lango la Ndabaka la Serengeti. Wachache wanaouhurumia huusifu ufuko wake kuwa ni mtupu, haujaguswa.

Mtupu vipi? Dagaa waliovuliwa kwa taa usiku wa giza huanikwa juu ya mchanga huo huo, na wapo kina mama wa kuwageuza juani. Kalamu imewafuta. Si ajabu, maana hata ghuba yenyewe imebeba jina la Speke, Mwingereza aliyelifikia ziwa mwaka 1858, ilhali habari zake alikwisha kuzisikia Kazeh, Tabora ya leo, kwa mfanyabiashara Mwarabu, Snay bin Amir.

Lakini kosa lililo zito zaidi ni kusifu kuoga ziwani bila kutaja kichocho, ugonjwa unaotokana na konokono wa maji ya kando. Hapo kalamu inamdhuru mgeni. Nawe uliyelelewa Pwani ndiwe wa kudanganyika upesi: maji hayana chumvi, hayajai wala hayapwi, utadhani hayana neno.

Nenda Lamadi. Kula sato, wanunulie wa nyumbani dagaa, ukaoge gesti kwa maji ya ndoo.