Kitabu kizuri, jina bovu: nyoka wetu wa Nguru

Kitabu cha Spawls, Howell, Hinkel na Menegon kuhusu reptilia wa Afrika Mashariki, toleo la 2018, ndicho tunachokibeba fildi ingawa kina uzito wa tofali. Sayansi yake siigusi. Ugomvi wangu ni jina moja.

Kuna nyoka anaitwa Elapsoidea nigra. Yuko familia ya Elapidae, pamoja na koboko, fira na wale nyoka marijani wa Marekani wenye pingili nyekundu, njano na nyeusi. Kwa Kiingereza kaitwa Usambara garter snake, na hapo ndipo mambo yanapoharibika.

Kwanza hiyo Usambara. Nyoka huyu yupo pia Uluguru na Nguru. Mtu wa Dumila, ambaye milima ya Nguru iko kaskazini kwake tu, akisoma Usambara anajua ni habari za Lushoto huko, hazimhusu.

Hilo la "garter" ndilo baya zaidi. Liandike kwenye simu uone: utaletewa Thamnophis wa Amerika Kaskazini, nyoka ambao watu wanafuga ndani na kuwashika mikono mitupu. Wa kwetu ana sumu! Ni kweli waandishi walilirithi jina, na kitabu hakifichi kwamba ana sumu. Lakini kitabu chenyewe kinabaki maktaba. Kinachofika Turiani ni jina, kupitia simu ya mtu aliyepiga picha.

Na picha nayo haitoshi. Mchanga ana pingili zinazoonekana vizuri. Akikua anakuwa mweusi, unaweza kudhani ni nyoka wawili tofauti. Mchana hujificha kwenye udongo wa msituni, chini ya majani makavu na magogo, akitoka usiku, hasa baada ya mvua. Chakula chake ni sesilia, wale amfibia wasio na miguu ambao wengi mtaani wanadhani ni minyoo mikubwa. Ukiuondoa udongo ule wenye unyevu, sesilia hana pa kuishi, na nyoka naye hana cha kula.

Sasa, nani anaingiza mikono kwenye majani hayo? Siyo sisi wa masters wenye glavu. Ni wakulima wa iliki wa Nguru, wanaofyeka vichaka na kulima chini ya kivuli cha msitu. Kabla ya toleo la tatu, mtu akae nao awaulize kwa Kinguu wanamwitaje.