Kuomba Macho ya Moyo

Karatasi ya maombi ikipitishwa kanisani siku hizi hurudi imejaa. Kazi, ada, viza, mchumba, kesi ya kiwanja, sukari ya mama, biashara iliyokwama. Sina neno na hata moja kati ya hayo. Ni mizigo ya kweli ya watu wa kweli, na Yeye aliyetufundisha kusali ndiye aliyetuambia tuombe riziki ya kila siku. Kinachonikosesha raha ni kile kisichoandikwa. Naisoma karatasi kutoka juu hadi chini, nairudia tena, na ni nadra sana kukuta mtu aliyeomba amjue Mungu kuliko alivyomjua mwaka jana.

Wazee waliotulea walikuwa na ufundi wa kuomba, na ndani ya ufundi huo sala ya kufumbuliwa macho ilikuwa kazi ya mafundi wakuu. Waliijua wachache, wakaifanya kimya kimya, na wengi wao tumekwisha kuwazika.

Mmoja alikuwa mwinjilisti wa milima ya Usambara, juu ya Lushoto, babu wa ukoo wetu. Jina lake silitaji kwa sababu mwenyewe hakupenda kutajwa. Aliamka kabla ya jogoo wa pili, akawasha koroboi, akakaa kwenye kigoda karibu na mafiga, maana baridi ya kule haina adabu kwa mifupa ya mzee. Biblia yake ilikuwa ile ya tafsiri ya Union, iliyotoka mwaka 1952, na jalada lilikuwa limeshonwa kwa uzi wa gunia. Sisi wajukuu tuliolala chumba cha pili tulimsikia kila alfajiri. Mimi nilipopata umri wa kuvumilia baridi aliniruhusu nikae naye, kwa sharti kwamba nisiulize kitu mpaka aseme amina.

Alianza kwa kusoma, tena alisoma kidogo mno. Mstari mmoja, mara nyingi nusu yake. Kidole chenye kucha nene kilitangulia, sauti ikafuata. Mara ya kwanza alisoma kama msomaji. Mara ya pili alisoma polepole, kichwa kimeinama upande, kama mtu anayeambiwa jambo na mwenziwe. Kisha alifunika kurasa kwa kiganja na kuanza kuuliza. Namkumbuka asubuhi moja amesoma kwamba Bwana amejaa huruma. Akanyamaza, kisha akasema: “Bwana, hapa unasema una huruma. Nionyeshe. Huruma yako ikoje? Ya kwangu naijua, inachoka.” Halafu kimya. Kimya kile kilikuwa kirefu kiasi cha mtoto kudhani mzee amesinzia. Lakini hakusinzia, vidole vilikuwa vikisogea taratibu juu ya ukurasa. Nje umande ulidondoka kutoka kwenye majani ya migomba. Hakuna mtu aliyekuwa na haraka katika chumba kile, na nilihisi hata Aliyekuwa akiombwa hakuwa na haraka.

Baada ya hapo ndipo alipofungua Waraka kwa Waefeso, sura ya kwanza, pale Paulo anapowaombea ndugu wapewe roho ya hekima na ufunuo wapate kumjua Mungu, na macho ya mioyo yao yatiwe nuru. Alikuwa na namna yake ya kuisali sehemu ile. Mahali Paulo alipowataja Waefeso, yeye aliwataja watu wa kijijini mwetu, mmoja mmoja, kwa majina yao ya ubatizo na ya utani. Mwalimu wa shule. Mlevi wa bondeni. Mchungaji mwenyewe, ambaye kwake alitumia muda mrefu kuliko wengine. Alipofika kwa mjane mmoja ambaye shamba lake lilikuwa limebebwa na maporomoko, alisema maneno ambayo nimetembea nayo tangu utotoni: “Mahindi nitampelekea mimi jioni. Lile nisiloweza ndilo nakuomba: mpe kukujua.” Na jioni ile tulibebeshwa debe la mahindi, tukateremka nalo.

Mwishoni kabisa, akiwa ameshaanza kufunga kitabu, ndipo alipogusa mambo ya nyumbani: mvua, ng’ombe, karo za wajukuu. Aliyapitia kwa sentensi moja na kumalizia, “Na mengine wayajua.” Nilimuuliza siku moja kwa nini yale ya muhimu anayaweka mkiani. Akacheka. “Mwanangu, mtu ukimwendea siku ya shida tu, utaijua shida yako vizuri sana, lakini yeye hutamjua.”

Sasa nimekua na kusoma kidogo, naona mzee yule hakubuni chochote. Alirithi. Sala ya Bwana yenyewe, katika Injili ya Mathayo, inataja jina la Mungu, ufalme wake na mapenzi yake kabla ya kufika kwenye mkate. Zaburi ya 119 ina mafungu 22, kwa herufi za Kiebrania, kila fungu beti nane, jumla beti 176. Na mwimbaji wake, aliyezungukwa na wenye kiburi wanaomsingizia, anarudi tena na tena kwenye ombi lile lile: afumbuliwe macho, afundishwe, afahamishwe. Adui zake anawataja, ndiyo, lakini hawakumnyima nafasi ya kuuliza Mungu yukoje.

Na Paulo! Watu huzisoma nyaraka zake wakitafuta amri na mafundisho, wakaruka sala zake kama salamu za mwanzo wa barua. Waraka kwa Waefeso umeandikwa na mfungwa. Mwenyewe anaitaja minyororo. Katika Kiyunani, sala ile ya sura ya kwanza, pamoja na shukrani inayoitangulia na sifa za Kristo zinazoifuata, ni sentensi moja ndefu isiyo na nukta, mfano wa mtu aliyeanza kusema akashindwa kupata mahali pa kuvuta pumzi. Anawaombea nini? Anawaombea wajue tumaini la wito wao, wajue utajiri wa urithi, wajue ukuu wa nguvu ya Mungu. Sura ya tatu anapiga magoti tena na kuwaombea waujue upendo wa Kristo, ambao papo hapo anakiri kwamba umepita kujua. Kwa Wafilipi na kwa Wakolosai ni vivyo hivyo. Na mwisho wa waraka, anapowaomba Waefeso wamwombee yeye, anataka apewe neno la kusema kwa ujasiri. Kufunguliwa minyororo hakukutaja. Nisomapo hapo huweka kitabu chini kwa muda.

Babu alikuwa na hadithi yake ya kipenzi, ya Musa baada ya ile fedheha ya ndama wa dhahabu. Taifa zima liko jangwani, halina shamba wala kisima cha kudumu, na kiongozi wake anapopata nafasi ya kuomba anaomba auone utukufu wa Mungu. Akafichwa kwenye ufa wa mwamba, akaonyeshwa mgongo. “Mgongo tu,” mzee alikuwa akisema, akinyoosha kidole, “na uso wa Musa uking’aa hata watu wakaogopa kumkaribia!” Aliisimulia mara nyingi na kila mara aliishia kutikisa kichwa, kama habari iliyofika leo.

Kanisa la kale la Afrika liliijua sala hii. Agostino, mzaliwa wa Thagaste katika nchi ambayo leo ni Algeria, aliandika maungamo yake kuelekea mwaka 400, na kitabu kizima amemwelekezea Mungu. Haelezi habari za Mungu kwa wasomaji huku amewageukia wao. Anamuuliza Mungu mwenyewe, na sisi tunasikia kwa pembeni. Karne nyingi baadaye mtawa Guigo wa shirika la Wakartusi alizipanga hatua za kazi hii kuwa nne: kusoma, kutafakari, kusali, na kumtazama Mungu kwa utulivu. Babu yangu Mlutheri hakuwahi kumsikia Guigo. Alikuwa akizipanda ngazi zile zile kwenye kigoda, karibu na mafiga.

Kwetu Usambara wamisionari wa Betheli walifungua kituo cha Mlalo mwaka 1891, na miongo michache baadaye moto wa Uamsho uliowaka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika. Wengi wanaukumbuka Uamsho kwa nyimbo na kwa watu kuungama hadharani. Mimi naukumbuka kwa kitu kingine: vile vikundi vidogo vya ndugu waliokaa kwenye mikeka na Biblia moja, wakamwomba Mungu awaonyeshe Yesu, wakangoja. Askofu Josiah Kibira wa Bukoba, aliyepata kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Ulimwenguni kuanzia 1977 hadi 1984, alilelewa katika udongo huo. Festo Kivengere naye pia, Mganda aliyefundisha shule Dodoma kabla ya kuwa askofu wa Kigezi. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin, na Kivengere na mkewe wakakimbilia Rwanda wakivuka milima usiku kwa miguu. Mwaka ule ule akatoa kitabu ambacho jina lake lilitamka kwamba anampenda Idi Amin. Watu walishangaa. Nadhani asingeliweza kama yale aliyoyajua kwa Mungu yangekuwa ni majibu ya mahitaji tu, maana wakati ule mahitaji yalikuwa hayajajibiwa.

Na hapa ndipo uchungu wangu ulipo. Tumewapa watoto wetu vipaza sauti, tukawanyima kimya. Kijana wa leo anajua kukiri na kupokea, anajua kuvunja laana na kukemea, anajua mafuta yapi ni ya safari na maji yapi ni ya biashara. Mwambie akae na mstari mmoja wa Injili mpaka kuche, atatoa simu. Niliwahi kuhudhuria mkesha mahali fulani mjini ambapo tuliombwa kuandika mambo matatu tunayoyataka kabla ya mwaka kwisha, tukayainua juu, na sauti zikapanda kiasi kwamba aliyekuwa amesimama karibu nami hakuweza kujisikia mwenyewe. Usiku kucha hakuna aliyenyamaza. Tulizungumza na Mungu saa nane mfululizo bila kumpa nafasi ya kutajwa isipokuwa kama mtoaji.

Matokeo nimeyaona. Ombi la kazi linapocheleweshwa, mtu anahama kanisa. La pili likichelewa, anahama imani, na siwezi kumlaumu sana, kwa sababu hakufundishwa kumtaka Mungu kwa ajili ya Mungu. Alichofundishwa kukitaka hakikuja, na hakuna kilichobaki cha kumshikilia. Yule mjane wa maporomoko, niliyemtaja, alibaki na shamba dogo la kukodi hadi alipofariki. Lakini alipozeeka ndiye aliyekuwa anafuatwa na kina mama waliofiwa, wakaketi naye, na alikuwa akisema juu ya Mungu mambo ambayo wasomi wa chuo hawakuyapata. Mahindi ya babu yalikwisha wiki ile ile. Lile ombi la kumjua Mungu liliendelea kujibiwa maisha yote ya mjane yule.

Sisi tuliobaki tunalo kosa letu pia. Tuliwaona wazee wakiomba tukadhani ni desturi za uzee, kama kuota moto na kunusa tumbaku. Hatukuwauliza wanafanyaje. Wachungaji wetu wamefundishwa kuhubiri na kuendesha mabaraza. Sijaona wengi waliofundishwa kumkalisha mtu chini na kumwonyesha namna ya kuligeuza neno la Maandiko kuwa swali, na swali kuwa kimya, na kimya kuwa ibada. Ufundi usiofundishwa hufa na fundi wake, na huu unakufa katika vijiji vyetu kila mazishi.

Ewe msomaji, kama nyumbani kwenu bado yupo bibi au babu anayeomba hivi, mwombe ruhusa ukae naye alfajiri. Amkia, kaa chini, usirekodi kwa simu. Sikiliza anaposoma, na zaidi sikiliza anaponyamaza. Akimaliza muulize anamwomba Mungu nini siku asipokuwa na shida yoyote. Na kama kwenu wazee hao wamekwisha, fungua Waefeso sura ya kwanza, uingize majina ya watu wako pale Paulo alipowaweka wa kwake, ukianza na jina la yule anayekukosesha usingizi, na usimwombee kitu kingine chochote mpaka umwombee amjue Mungu.